Kila Saa Sita

Kabla hujasikia kwa wengine, sikia kwangu: aliyemwita Fundi Saa mraibu mbele ya foleni nzima ni mimi. Sikusukumwa na mtu. Ile barua ya onyo iliyomo kwenye droo yangu nyumbani sikuandikiwa kwa sababu hiyo, niliandikiwa kwa sababu nyingine, na huko tutafika. Lakini nataka kuanza na langu, maana nimezoea mno kusema ya wenzangu.

Mimi ni mtu wa dirishani. Ndiyo maana hospitali nzima, kuanzia walinzi wa getini mpaka wakubwa wa ghorofani, wananiita Dirisha. Duka letu la dawa limo ndani ya hospitali binafsi: chumba chembamba, rafu mpaka darini, kabati la chuma lenye kufuli mbili kwa ajili ya dawa kali, na kioo chenye tundu chini la kupitishia mkono. Mbele ya kioo kuna mabenchi matatu. Aliyekaa benchi la kwanza anasikia kila ninachosema, wa benchi la pili anasikia nusu, na wa benchi la tatu anasimuliwa na wa pili, tena kwa kutiwa chumvi. Nimekaa nyuma ya kioo hicho miaka kumi na miwili, pamoja na mdomo huu ambao mama alisema utaniletea ama mume ama matata. Mume alikuja, akaondoka. Matata yamebaki.

Kwetu mgonjwa haitwi mgonjwa, anaitwa mteja. Mlango wa kutokea una sanduku na kadi zenye sura tatu: inayocheka, iliyonuna, na ya katikati ambayo haijaamua. Mteja anachagua sura yake, anatumbukiza, anakwenda zake. Kila Ijumaa Meneja anazimwaga mezani, na daktari mwenye sura nyingi zilizonuna anaitwa kwa mazungumzo. Sasa mteja hanunishwi na kitu kama kurudi nyumbani na maumivu yale yale aliyokuja nayo. Madaktari wetu walilielewa hilo mapema sana, hawakuhitaji kufundishwa.

Daktari wa mgongo na mifupa tulimwita Daktari Pole. Alimpa pole kila mtu. Akigonga kiti, alikipa pole kiti. Usidhani alikuwa anajipendekeza, hapana, yule baba alikuwa hawezi kumwona mtu akikunja uso kwa maumivu. Alipewa dakika nane kwa kila mteja, na nne kati ya hizo ziliishia kwenye pole. Nampenda yule daktari mpaka leo, na nitasema ubaya wake hivyo hivyo nikimpenda.

Fundi Saa alikuja kwake kwa ajili ya mgongo. Miaka arobaini ameinama juu ya saa za watu, kioo kidogo jichoni, katika duka la upana wa mlango mmoja lililobanwa kati ya muuza viatu na mtu wa kutoa fotokopi. Mgongo ukasema basi. Akafanyiwa operesheni, ikaenda salama. Akaandikiwa vidonge vya mofini, vile vinavyoyeyuka taratibu tumboni, vya siku kumi na tano tu mpaka kidonda kikauke. Vidonge thelathini. Mkewe akaleta cheti dirishani. Nikafungua kufuli mbili, nikahesabu, nikaandika kwenye rejista, nikajaza stika, nikabandika kwenye kichupa, nikamkabidhi. Kazi ya dakika tatu.

Siku ya nane mzee akaja mwenyewe, anatembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

"Zimeisha, binti," alisema, kwa adabu kabisa.

Chini ya cheti chake Daktari Pole alikuwa ameandika neno moja: Rudia. Hilo neno kwetu lina nguvu kuliko sahihi ya Meneja. Maana yake ni fungua rejista, tazama ulichompa mara ya mwisho, mpe hicho hicho na stika ile ile. Hutafuti cheti cha kwanza, hupigi simu, husumbui ubongo. Linaokoa muda, na muda ndio sura inayocheka. Basi nikarudia. Wiki iliyofuata akaja, Rudia. Na iliyofuata. Miezi sita, kila siku ya nane, huyo hapo, na kofia yake mkononi.

Mwanzoni alinifurahisha. Saa ya ukutani juu ya dirisha langu ilikuwa imekufa siku nyingi, mishale imesimama saa tatu na dakika kumi, na watu wakiniuliza wakati nilikuwa nawaambia hapa ni saa tatu na dakika kumi milele. Fundi Saa hakuweza kuvumilia. Alimwomba mlinzi amteremshie, akatoa bisibisi ndogo mfuko wa shati, akaifungua pale pale benchini huku akisubiri kuitwa. Ile skrubu aliyoishika ilikuwa ndogo kuliko punje ya mtama, na mkono wake ulitulia kama umewekwa mezani. Saa ikaanza kutembea. Akakataa hata soda.

"Nikija hapa nataka nijue wakati," alisema. "Wakati ndio dawa yenyewe."

Nilicheka. Nilidhani ananitania.

Baadaye nikaanza kumwona anabadilika. Anakonda, anasinzia benchini, anaamka ghafla kutazama saa yake ya ukutani, anasinzia tena. Damu ilinichemka. Sikumkasirikia yeye kwanza, nilimkasirikia Daktari Pole. Tukinywa chai nilikuwa namwambia dada wa maabara, "Yule mzee anafugwa. Anapewa mofini kama mtoto anavyopewa nyonyo, anyamaze." Dada wa maabara alikuwa anaitikia kwa kichwa. Lakini angalia: nilimwambia dada wa maabara, sikumwambia daktari. Mdomo wangu una ujasiri, ila unachagua pa kuuonyesha.

Kisha wakaja wakaguzi wa dawa. Walipekua rejista ya kabati siku nzima, wakaondoka bila kusema kitu, na kimya chao kikampandisha Meneja joto. Asubuhi ya pili alinikabidhi muhuri mpya na kidau cha wino mwekundu. Mteja yeyote wa dawa kali atakayekuja kabla ya siku zake, hapewi, faili lake linapigwa muhuri. Muhuri ulisema: MATUMIZI MABAYA. Kwa herufi kubwa, ili hata asiyevaa miwani aone.

Siku ya nane ya Fundi Saa ilifika. Ilikuwa Jumatatu, mabenchi yamejaa, mimi nimeamka na kichwa kinaniwanga, na mteja aliyetangulia alikuwa amenigombeza kwa sababu ya kikohozi chake kana kwamba nimempa mimi. Mzee akasogea.

"Zimeisha, binti."

"Mzee wangu, hizi ni za siku kumi na tano. Leo ni ya nane. Zimekwenda wapi?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. "Hata mimi najiuliza," alisema. "Labda saa yangu inakimbia."

Benchi la kwanza likaangua kicheko. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona nimepata jukwaa.

"Saa ndiyo inakimbia, au wewe ndiye unayekimbilia dawa? Hapa hatuuzi peremende, mzee. Huu ni uraibu. Nenda ukajiangalie."

Nilisema kwa sauti. Nikapiga muhuri kwa sauti pia, maana ule muhuri ulikuwa mpya na una kishindo. Kicheko kikakatika, watu wakaanza kutazama viatu vyao. Mzee akavaa kofia yake, akaivua tena, akasema, "Samahani kwa usumbufu," akaondoka. Samahani aliomba yeye. Hilo neno nililala nalo, na bado asubuhi nikajiambia nimefanya kazi yangu.

Siku tatu baadaye akaja mkewe. Mama mfupi, mnene kidogo, uso umechoka. Hakupanga foleni. Alikuja moja kwa moja kwenye kioo, akapitisha daftari tunduni, daftari la kawaida la shule lenye jalada la bluu, akasema, "Naomba usome."

"Mama, kuna foleni."

"Mume wangu hajalala siku tatu. Anatapika, anatetemeka, jasho linamtoka huku analia baridi. Mimi nimemficha funguo za nyumba asitoke, kwa sababu wewe umesema ni mraibu, na mimi sijui mraibu anatunzwaje. Ameniambia nikuletee hili. Amesema wewe unajua kusoma."

Nikasoma. Fundi Saa ana desturi moja: saa yoyote inayoingia dukani kwake anaiandika. Imeingia lini, inaumwa nini, imefanyiwa nini, imetoka lini. Alipougua yeye akajiandika mwenyewe. Kila ukurasa alikuwa amebandua stika kutoka kwenye kichupa na kuibandika juu, na chini yake amepiga mistari kwa rula. Saa kumi na mbili asubuhi, alama ya vema. Saa sita mchana, vema. Saa kumi na mbili jioni, vema. Saa sita usiku, vema. Ukurasa baada ya ukurasa, miezi sita, hakuna nafasi iliyorukwa wala kidonge kilichozidi. Kwenye ukurasa mmoja aliandika pembeni: Maumivu hakuna leo, nimemeza kwa sababu saa imefika. Na mwishoni mwa kila wiki, kwa kalamu nyekundu: Zimeisha mapema. Kagua saa.

"Kagua saa ndiyo nini?" nilimuuliza.

"Ile saa ya kengele anayomezea dawa. Ameifungua mara tatu. Anasema haiwezekani dawa za hospitali ziwe pungufu, kwa hiyo saa ndiyo inakwenda mbio."

Stika zilikuwa na mwandiko wangu. Zinatoka kwa mchapaji zikiwa zimeandikwa: MEZA ... KILA SAA ..., na sisi tunajaza nafasi. Hapo zamani ziliandikwa "kila baada ya saa", lakini mtu fulani ghorofani aliona neno linakula nafasi ya nembo ya hospitali. Nilikuwa nimejaza: MEZA 1 KILA SAA 6. Vidonge vinne kwa siku. Thelathini kugawa kwa vinne, siku saba na nusu. Siku ya nane, mzee huyo dirishani na kofia mkononi.

Nilimwomba yule mama akae. Nikafunga dirisha, jambo ambalo sijawahi kulifanya watu wakiwa kwenye foleni, nikaingia stoo nyuma ambako vyeti vya zamani vimefungwa kamba ndani ya maboksi. Nilikitafuta cheti cha kwanza kwa mikono miwili. Nilikipata boksi la nne. Mwandiko wa Daktari Pole ni wa kuku aliyekanyaga wino, lakini huu ulisomeka: Kidonge 1, saa 6, saa 6.

Saa sita, na saa sita. Ya mchana na ya usiku. Viwili kwa siku, kama vidonge vile vinavyotakiwa kumezwa. Nami kwa haraka yangu nikaona sita mbili, nikazifanya moja, nikaitia kwenye nafasi iliyosema KILA SAA. Halafu likaja neno Rudia, nikajinakili mwenyewe miezi sita.

Sitadanganya. Nilikaa na ile karatasi stoo, mlango umefungwa, na nilifikiri jinsi ilivyo nyembamba. Ingeingia mfukoni. Nina mama nyumbani na watoto wawili wanaonitegemea mimi, na cheti changu cha kazi ndicho kinachotulisha. Nani angejua? Rejista inasema nilimpa thelathini, daktari aliandika thelathini. Mzee ana muhuri mwekundu tayari, na mtu akishapigwa ule muhuri haaminiwi hata akisema jina lake. Nilifikiri hivyo kwa muda ambao naona aibu kuutaja. Kilichoniinua si wema. Ni ile kalamu nyekundu: Kagua saa. Mtu ameshuku saa yake, ameshuku mikono yake mwenyewe, kabla ya kunishuku mimi.

Nikaenda kwa Daktari Pole na daftari mkono mmoja, cheti mkono mwingine. Alikuwa anaagana na mteja. Nikafunga mlango nyuma yangu.

"Soma hapa uliandika nini."

"Saa sita, saa sita. Mchana na usiku. Nilimweleza mwenyewe wodini, siku ya pili baada ya operesheni."

"Akiwa na usingizi wa sindano."

"Ndiyo," alisema polepole. "Akiwa na usingizi."

"Sasa soma mimi nimeandika nini."

Akasoma. Nikaona kidole chake kinahesabu juu ya meza, moja, mbili, tatu, nne. Akavua miwani. Akafungua mdomo, na mimi nikajua neno linalokuja.

"Usinipe pole, daktari. Leo usithubutu."

"Sikupi," alisema. "Mimi faili lake nililifungua kila wiki. Tarehe niliziona. Nilijua zinaisha nusu ya siku zake. Nikajiambia ana maumivu makali, nikimuuliza maswali atadhani namshuku, atanuna. Alikuwa ananiambia dawa inamsaidia. Ilikuwa rahisi kuandika neno moja." Akavaa tena miwani. "Na yule mwenye goti nilimwandikia hivyo hivyo. Na yule mama wa nyonga."

Hatukuzozana. Nilikuwa nimejiandaa kuzozana, nimejaa miezi sita ya chai ya maabara, lakini ukimkuta mtu ameshajilaumu unabaki na maneno yako mdomoni. Alimwambia nesi azuie foleni, akachukua mkoba, akasema mwili uliozoea mofini haukatiwi ghafla namna ile, unashushwa ngazi ngazi kama mtu mzima anayeshuka ngazi za giza. Mchana ule ule tukaenda, mimi, yeye, na mke wa mzee aliyetangulia mbele bila kugeuka.

Fundi Saa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amejifunika blanketi zito na jua la mchana limejaa dirishani. Beseni miguuni. Alipotuona alitaka kusimama awapokee wageni, akashindwa. Juu ya meza saa ya kengele ilikuwa wazi, tumbo lake lote limo ndani ya kisosi: magurudumu, springi, skrubu. Safari hii alikuwa ameshindwa kuirudisha. Mikono yake ilitetemeka mpaka blanketi likawa linatetemeka nayo.

Daktari alimpa dawa kwanza, maneno baadaye. Alimweleza taratibu kwamba mwili umezoea, si tabia yake, na kwamba wataanza na viwili kwa siku, kisha watashuka pamoja, robo kwa robo, na kila wiki watatazamana uso kwa uso na si kwa dakika nane. Mzee alisikiliza. Kisha akanigeukia mimi, akasubiri, kwa sababu alikuwa anajua sikuja kubeba mkoba wa daktari.

Nilikuwa nimepanga hotuba. Ikapotea yote.

"Mzee wangu, mimi ndiye niliyekosea. Daktari aliandika saa sita ya mchana na saa sita ya usiku. Mimi nikaandika kila saa sita. Wewe umemeza nilivyokuandikia, hukuzidisha hata kimoja."

Akatazama kisosi. "Basi haikuwa saa."

"Haikuwa saa."

"Nimeifungua mara nne," alisema. "Saa nzima kabisa." Akamgeukia mkewe. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba," alisema yule mama. Akatoa funguo kifuani, akaziweka mezani karibu na kisosi, akaketi sakafuni, akalia. Nami nikalia. Daktari Pole akatazama nje.

Mzee alituacha tumalize. Kisha akaniuliza, kwa sauti ile ile ya adabu, "Binti, yale maneno ulinisemea wapi?"

"Dirishani."

"Watu walikuwepo?"

"Walikuwepo."

"Wawili ni wateja wangu. Mmoja alikuja jana kuchukua saa yake. Mke wangu akamwambia bado haijatengenezwa. Akasema haidhuru, ataipeleka kwa fundi mwingine. Miaka ishirini natengeneza saa za nyumba ile. Hapa ndani tumesikilizana, sina kinyongo. Lakini wewe hukunisemea hapa ndani."

Nilielewa. Nilitamani nisielewe, lakini nilielewa.

Kesho yake nilimpelekea Meneja kila kitu, karatasi zote. Alisoma akipangusa paji la uso. Si mtu mbaya, ni mtu mwenye ghorofa nyingine juu yake. Alisema faili litasafishwa, muhuri utafutwa, stika mpya zitachapishwa, yote kimyakimya. Dirishani nisitamke neno. Nikitamka, nimeisemea hospitali nzima, na atalazimika kuniandikia barua.

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa," nilisema, na ni kweli nilimwelewa.

Jumatatu ikafika. Daktari sasa alikuwa anampa vidonge vya wiki moja moja. Mabenchi yamejaa, watoto wanalia, mtu mmoja anakohoa bila kufunika mdomo. Fundi Saa akaja na mkewe. Bado dhaifu, lakini shati limepigwa pasi na mikono, ingawa ilitetemeka, haikuwa ile ya kisosini. Akasogea kwenye kioo, akaweka cheti. Hakusema zimeisha. Alisimama tu, kofia kifuani.

Nilifungua kufuli mbili, nikahesabu, nikaandika. Nilichukua stika, nikakata yale maneno ya mchapaji kwa kalamu, nikaandika kwa mkono, herufi moja moja. Kisha nikasukuma kioo chote pembeni, maana niligundua kinazuia sauti, nikatoa kichwa nje.

"Samahanini, nina neno," nilisema. Mabenchi yakanyamaza. "Wiki iliyopita baadhi yenu mlikuwepo hapa. Nilimwita huyu mzee mraibu. Nilimpigia na muhuri. Ninachotaka mjue ni kwamba huyu mzee alimeza dawa kama nilivyomwandikia mimi, kwa saa na dakika, na nilimwandikia vibaya. Kosa ni langu. Si lake, wala saa yake haikimbii. Naye ndiye aliyeitengeneza hiyo iliyo juu yangu."

Vichwa vyote vikainuka kutazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na robo, sawasawa kabisa.

Mzee akachukua kichupa, akakisogeza mbali na jicho, akasoma stika kwa sauti, bila haraka. "Kidonge kimoja saa sita mchana. Kidonge kimoja saa sita usiku. Basi." Akanitazama. "Ya mchana na ya usiku?"

"Ya mchana na ya usiku, mzee wangu."

"Asante, binti."

Akavaa kofia. Mkewe akamshika mkono, wakapita katikati ya mabenchi, na mzee mmoja wa benchi la pili akainuka kumpisha, akamwambia atampitia dukani wiki hii, ana saa ya mkononi imekaa tu kabatini.

Mimi nilibaki nimesimama, nasubiri simu ya ghorofani. Nilijua itapigwa, na ilipigwa. Lakini kabla haijapigwa, mama mmoja wa benchi la kwanza alifungua mkoba wake. Alitoa kichupa cha dawa ya kidonda nilichompa mimi siku nne zilizopita, akakigeuza, akasoma, akafikiri. Kisha akaja dirishani.

"Dada," aliniuliza, "hapa umeniandikia kila saa nane. Mimi nameza saa nane mchana na saa nane usiku. Ndivyo?"

Nyuma yake, kwenye mabenchi yote matatu, watu walikuwa wanafungua mifuko.